Spidi ni ileile, sasa kinachochapuka ni nini?

Tuanze na daladala, maana hiyo ndo maabara ya fizikia ambayo wengi wetu tumepita bila kujua kama tuko darasani. Gari limejaa, umesimama umeshika bomba la juu, dereva anaingia kipilefti na wala hana habari ya kupunguza, kisahani cha spidi kimetulia kwenye kilomita 36 kwa saa, hakipandi hakishuki, lakini abiria wote mnaenda upande wa mlangoni kama mmeambizana, aliyekaa siti ya ndani anamlalia mwenzake, samahani dada, samahani kaka, na konda pale mlangoni ndo kwanza anakaza mkono. Ukimuuliza mtu humo ndani gari limefanya nini atakujibu limekata kona, basi. Ukimuuliza mwalimu wa fizikia atakwambia muda wote huo gari lilikuwa kwenye mchapuko, tena mchapuko mkubwa tu, na hapo ndo ubishi unapoanza kwa sababu kisahani hakikusogea hata kidogo, sasa kilichochapuka ni nini?

Mi nadhani nusu ya tatizo ni neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku kuchapuka ni kufanya haraka, chapuka bwana tutaachwa na boti, kwa hiyo mchapuko ukiingia kichwani unasikika kama kuongeza mwendo. Ukikimbilia neno la kukopa, akselaresheni, hujapona, maana kila mtu anajua ekseleta ni ile pedeli ya mafuta, ukikanyaga gari linachomoka. Yaani lugha imeshakutega pande zote mbili kabla hata hujafungua daftari. Kwenye fizikia neno hili ni pana zaidi, ni badiliko lolote la velositi kwa kila sekunde, iwe velositi imepanda, imeshuka, au imegeuka tu ikaangalia kwingine. Kwa hesabu hiyo dereva ana vitu vitatu vya kuleta mchapuko, mafuta, breki na usukani, na huu wa tatu ndo tunausahau kila siku.

Kwani velositi na spidi si kitu kimoja? Hapana. Manahodha wawili wanatoka Dar asubuhi, mmoja kaelekea Unguja mwingine kaelekea Mafia, wote wanakwenda noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa. Spidi yao moja. Ila jioni mmoja anakula urojo na mwenzake yuko kwingine kabisa, huwezi kusema wamefanya kitu kilekile. Spidi inakwambia haraka kiasi gani, velositi inakwambia haraka kiasi gani na kuelekea wapi, ndo maana ukiichora unachora mshale, urefu wa mshale ni spidi na ncha yake ni uelekeo. Sasa ukiuzungusha huo mshale bila kuurefusha wala kuufupisha, umeubadilisha au hujaubadilisha? Umeubadilisha. Na kama umeubadilisha ndani ya sekunde kadhaa, una mchapuko, hamna namna ya kuukwepa.

Haya chukua kalamu tufanye ile kipilefti, maana maneno matupu hayatoshi. Tuseme nusu kipenyo cha njia ya gari ni mita 25, na gari linaenda mita 10 kila sekunde, ambayo ndo hiyohiyo 36 ya kisahani. Sisi tunaendesha kushoto kwa hiyo kipilefti tunakizunguka kwa saa, kulia kulia. Gari lilipoanza lilikuwa linaelekea kaskazini, likala robo ya mduara, likatokea linaelekea mashariki. Mshale wa kwanza ni 10 kaskazini, wa pili ni 10 mashariki. Ili utoke mshale wa kwanza upate wa pili inabidi uifute ile 10 ya kaskazini yote na uongeze 10 ya mashariki, kwa hiyo badiliko lenyewe ni mshale unaoelekea kusini mashariki, urefu wake kwa Pythagoras ni 14.1. Ona hiyo, spidi haijaongezeka hata chembe lakini velositi imebadilika kwa mita 14.1 kwa sekunde, zaidi hata ya spidi yenyewe ya gari!

Muda je? Robo ya mduara ule ni mita 39.3, kwa mita 10 kwa sekunde inakula sekunde 3.93. Gawa, 14.1 kwa 3.93, unapata wastani wa 3.6, yaani kila sekunde moja velositi ilikuwa inabadilika kwa mita 3.6 kwa sekunde. Lakini robo ya mduara ni kipande kirefu sana, ni kama kupima njaa ya mtu kwa wastani wa mwezi mzima. Punguza kipande, chukua nyuzi 30 tu badala ya 90, ukirudia hesabu unapata 3.95. Chukua nyuzi 10, unapata 3.995. Unaona inakoelekea, inabisha hodi kwenye 4 na haitavuka. Hiyo 4 ndo mchapuko wa gari kila nukta ya ile njia, na ukichukua spidi ukaizidisha kwa yenyewe ukagawa kwa nusu kipenyo, 10 mara 10 gawanya kwa 25, unapata 4 hiyohiyo. Fomula tuliyokaririshwa, v kipeo cha pili juu ya r, haikudondoka mbinguni, ni huko tu inakotoka.

Na uelekeo? Rudi kwenye ule mshale wa kusini mashariki. Gari lilipokuwa katikati ya ile robo lilikuwa upande wa kaskazini magharibi wa kipilefti, sasa ukiwa kaskazini magharibi ya kitu, kitu chenyewe kiko kusini mashariki yako. Mshale wa badiliko unaelekea pale kwenye bustani ya katikati, penye lile sanamu au tangazo la soda. Ukifanya kipande chochote kile itakuwa hivyohivyo, mchapuko wa mzunguko wa spidi moja siku zote unaangalia kitovu. Gari linaenda mbele, mchapuko unaangalia pembeni, na kwa sababu hauna hata kidogo ulioelekea mbele wala nyuma, spidi haina sababu ya kupanda wala kushuka. Ndo maana kisahani kimenyamaza, kisahani kinapima urefu wa mshale tu, hakijui kugeuka ni nini.

Hiki kipeo cha pili nataka nikae nacho kidogo kwa sababu ndo kinachoua watu barabarani na hakuna anayekieleza vizuri. Kwa nini spidi inaingia mara mbili? Kwa sababu inafanya kazi mbili tofauti. Kwanza, ukienda kasi mshale wako ni mrefu, na mshale mrefu ukiugeuza kwa pembe ileile ncha yake inasafiri mbali zaidi, kama mlango mpana na mlango mwembamba, vyote ukivifungua nusu ncha ya mpana imetembea zaidi. Pili, ukienda kasi kona ileile unaimaliza haraka, kwa hiyo hiyo pembe yenyewe unaigeuka ndani ya muda mfupi. Spidi ikiwa mara mbili, kuna kitu kikubwa mara mbili cha kugeuza na muda ni nusu. Mbili mara mbili, nne. Dereva aliyezoea kukata kona fulani kwa 40 akija siku hiyo na 80 kwa sababu amechelewa, haombi barabara imshike mara mbili, anaomba imshike mara nne, na barabara haijui kama amechelewa.

Sasa turudi kwa konda. Ni nani aliyemsukuma kuelekea nje? Jibu ambalo watu hawalipendi ni hakuna. Konda alikuwa anaenda kaskazini na mwili wake ulitaka kuendelea kaskazini, ndo tabia ya kila kitu chenye uzito, gari ndo lililogeuka likaenda kulia na kumwacha. Mlango wetu uko kushoto, kwa hiyo gari linapokata kulia mlango unamfuata konda alipo, na mkono wake ukikaza bomba ndo unaomvuta aingie kwenye njia ya mduara. Ile kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, anayoisikia mkononi inamvuta kuelekea ndani, si nje. Na wewe uliyebanwa na ukuta wa gari, ukuta ndo unakusukuma wewe kulia, ila kwa kuwa unajiona umetulia ndani ya gari, akili inatafsiri kwamba wewe ndo unaukandamiza ukuta.

Kama unabisha nenda kamwangalie fundi wa kunoa visu, wale wanaopita mtaani na baiskeli iliyofungwa jiwe la kunolea, anasimamisha stendi, anapiga pedeli, jiwe linazunguka. Kisu kikigusa jiwe cheche zinaruka, sasa usiangalie kisu angalia cheche zinaelekea wapi. Zingekuwa zinatupwa na kani ya kwenda nje zingetoka zimenyooka kutoka katikati ya jiwe kama miale ya jua kwenye mchoro wa mtoto wa chekechea. Hazifanyi hivyo. Zinatoka kwa kuambaa ukingo wa jiwe, zikifuata upande ule jiwe lilikokuwa linaelekea pale pale kisu kilipogusa, mstari mmoja mrefu. Cheche imeachiwa, hakuna kinachoivuta tena kuelekea kitovu, basi inaendelea na velositi iliyokuwa nayo dakika ile. Tope la tairi la baiskeli isiyo na madigadi ni hivyohivyo, na jiwe la kombeo ni hivyohivyo, waliokuwa wanafukuza ndege shambani kwa kombeo wanajua kabisa kwamba hauachii kamba jiwe likiwa limeangaliana na ndege, unaachia kabla, jiwe likiwa pembeni, kwa sababu litaondoka kwa kuambaa duara.

Usijisikie vibaya kama hili lilikusumbua, limesumbua vichwa vikubwa kuliko vyetu. Christiaan Huygens wa Uholanzi ndo aliyeipata hesabu hii ya spidi kipeo cha pili gawanya kwa nusu kipenyo, mwaka 1659, akaja kuichapisha 1673, na yeye aliiona kama kani ya kukimbia kitovu, akaipa na jina la Kilatini lenye maana hiyo. Isaac Newton mwenyewe ujanani alikuwa anafikiri hivyohivyo, kwamba kitu kinachozunguka kinajitahidi kutoka nje. Mwaka 1679 Robert Hooke, mwanasayansi mwenzake wa Uingereza, akamwandikia barua akamwambia hebu uangalie mwendo wa sayari kama vitu viwili, kwenda moja kwa moja kwa kuambaa mduara, halafu kuvutwa kuelekea katikati. Ni kugeuza tu kichwa cha habari, namba ni zilezile, lakini Newton alipoligeuza hivyo mambo yakafunguka, akatunga jina la kani ya kuelekea kitovu, na kitabu chake kikubwa cha 1687 kimesimama juu ya wazo hilo. Alilipa jina linalofanana na la Huygens kwa makusudi, kwa heshima yake.

Ile kani ya nje si kwamba ni dhambi kuitaja, maana najua kuna atakayekuja kusema mbona mainjinia wanaitumia. Wanaitumia ndio. Ukiamua kufanya hesabu huku umekaa ndani ya kitu kinachozunguka na ukajifanya kimetulia, inabidi uiweke hiyo kani kwenye daftari ili hesabu zifunge, kama mtu anayeandika deni la kufikirika ili vitabu vikae sawa. Tatizo ni pale mtu anapozichanganya, anachora kani ya ndani na kani ya nje kwenye mchoro mmoja wa gari lililoangaliwa na mtu aliyesimama barabarani, kani mbili zinafutana, halafu gari linakata kona! Kama zingefutana gari lingenyoosha moja kwa moja hadi kwenye mtaro. Hili kosa nimeliona kwenye madaftari mengi, langu likiwemo.

Kwa hiyo swali la maana kwenye mzunguko wowote si kani gani inatupa nje, swali ni nani anayevuta ndani na ana nguvu kiasi gani. Kwenye kombeo ni kamba. Kwa gari ni msuguano wa matairi na lami, basi, viganja vinne vya mpira ndo vimeshika kila kitu. Lami kavu na tairi zima unaweza kupata mchapuko wa pembeni kama mara 0.7 ya ule wa kitu kinachodondoka, ambao ni 9.8. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, ukipiga hesabu, gari linashika mpaka kama kilomita 67 kwa saa. Mvua ikinyesha hiyo 0.7 inaweza kushuka hadi 0.4, na kona ileile sasa mwisho ni kilomita 50. Tairi likiwa kipara sitaki hata kuandika. Na cheki kitu kimoja, uzito wa gari haumo humo, gari zito linahitaji kani kubwa zaidi kugeuka lakini pia linakandamiza lami zaidi na kupata msuguano zaidi, vinafutana, kwa hiyo wale wanaosema gari langu zito halitelezi kwenye kona wanajidanganya.

Ila urefu wa mzigo kwenda juu, huo umo. Msuguano uko chini kwenye tairi na uzito umekaa juu, kwa hiyo kila kona inajaribu kulipindua gari, na linapinduka pale mchapuko wa pembeni unapozidi 9.8 mara nusu ya upana kati ya tairi la kushoto na la kulia gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa gari unapokuwa kama umejikusanya. Tuseme basi lina upana wa mita 2 kati ya tairi na tairi, na kitovu cha uzito kiko mita 1.2 toka chini, linavumilia hadi mara 0.83, maana yake kwenye lami kavu litateleza kabla ya kupinduka. Sasa panga magunia juu ya keria mpaka kitovu kifike mita 1.6. Inakuwa 0.63, iko chini ya 0.7, basi halitelezi tena, linalala ubavu huku matairi bado yameshika vizuri kabisa. Abiria wanasema dereva aliteleza. Hakuteleza. Bajaji nayo shida yake ni hiyohiyo, tairi moja mbele, upana wa kushikilia unakuwa mdogo kuliko unavyoonekana ukiiangalia kwa nyuma.

Bodaboda kwa upande wake anajua fizikia hii kwa mgongo. Yeye hana upana kabisa, kwa hiyo analala kuelekea ndani mpaka kani ya lami na ya uzito wake ziungane kwenye mstari mmoja unaopita katikati ya pikipiki. Kwenye kipilefti chetu cha mchapuko wa 4 inabidi alale kama nyuzi 22. Abiria mgeni anayeogopa na kujinyoosha wima huku dereva amelala anaharibu kila kitu, ndo maana wanakwambia we tulia tu tulingane.

Mpaka hapa spidi ilikuwa moja. Je, ukikanyaga breki katikati ya kona? Sasa una michapuko miwili kwa pamoja, mmoja wa kuelekea kitovu na mmoja wa kurudi nyuma, na hii miwili haijumlishwi kama shilingi, inajumlishwa kama mishale, kwa Pythagoras. Kama lami ya leo inakupa jumla ya 5 na kona imeshachukua 4, breki imebakiwa na 3, maana 4 kipeo cha pili ni 16, 3 ni 9, jumla 25. Ukitaka 3.5 ya breki unazidi na tairi linaachia, na likiachia linaachia vyote, kona na breki. Wazee wa malori wanaopanda na kushuka Kitonga kule Iringa hawajaandika hii kwenye karatasi lakini wanapunguza kabla ya kona, wakiwa bado wamenyooka, hesabu ndo ileile.

Tukitoka barabarani namba zinakuwa za kutisha. Pangaboi la dari likizunguka mara 300 kwa dakika, ncha ya panga ikiwa sentimita 60 toka katikati, mchapuko wa pale kwenye ncha ni karibu mita 590 kwa sekunde kila sekunde, mara 60 ya kudondoka. Sisimizi akitaka kukaa pale lazima ashike kwa nguvu ya sisimizi 60. Vumbi linakaa kwa sababu ni jepesi mno na limeganda kwa mafuta na unyevu. Mashine ya kufulia inapokamua kwa mizunguko 1,200, dramu la nusu kipenyo cha sentimita 25, ni kama mara 400. Na watu wanasema maji yanatupwa nje, hapana, nguo zinasukumwa ndani na ukuta wa dramu, maji yanapofika kwenye tundu hayana ukuta wa kuyasukuma, yanaenda zake yamenyooka. Ile grainda ndogo ya mafundi magrili ndo baba lao, diski ya milimita 115 kwa mizunguko 11,000 kwa dakika inafika mara 7,800 kwenye ukingo. Kila gramu ya ukingo ule inavutwa kama ina kilo 7.8, ndo maana diski yenye ufa haivumiliki, na ikipasuka kipande kinaondoka kwa kuambaa duara kwa kama kilomita 238 kwa saa. Fundi, rudisha lile kava.

Tupande juu. Mwezi uko kilomita 384,000 hivi toka kwetu na unazunguka kwa siku 27.3, ukigawa unapata spidi ya kama kilomita 1 kwa sekunde. Ingiza kwenye fomula ya kipilefti, mchapuko unatoka 0.0027. Newton alijua Mwezi uko mbali kama mara 60 ya umbali wetu sisi toka katikati ya dunia, na akawa na wazo kwamba graviti, ule mvuto wa dunia, inapungua kwa kipeo cha pili cha umbali, 60 mara 60 ni 3,600, chukua 9.8 gawa kwa 3,600. Unapata 0.0027. Embe linalodondoka mtini na Mwezi ule pale juu vinavutwa na kitu kimoja, na aliyevithibitisha ni hesabu ya kona.

Hata sisi tuliokaa tunazunguka. Mtu aliyesimama Nanyuki kule Kenya kwenye kibao cha ikweta anakimbizwa na dunia kwa mita 465 kila sekunde, ni haraka kuliko ndege ya abiria, lakini duara ni kubwa mno, nusu kipenyo kilomita 6,378, kwa hiyo mchapuko ni 0.034 tu. Hiyo inachukuliwa kutoka kwenye uzito wako, mtu wa kilo 70 mizani ya springi inampunguzia kama robo kilo kwa sababu ya mzunguko, mizani ya mawe haitaonyesha kitu maana mawe nayo yamepunguzwa. (Wale vijana wanaoonyesha watalii maji yanazunguka huku upande huu na kule upande ule hatua chache toka kwenye mstari, ule ni usanii wa mkono bwana, athari ya kweli ya ikweta ni hiyo robo kilo.) Faida nyingine ya ile spidi ya bure waliiona Waitaliano na Wamarekani pale baharini karibu na Malindi, kwenye jukwaa la San Marco, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setelaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ukirusha roketi kuelekea mashariki kutoka hapo dunia imeshakupa lifti ya zaidi ya mita 460 kwa sekunde kabla hujawasha chochote.

Nimalizie na ndoo. Nilipokuwa mdogo kuna kaka mmoja jirani alikuwa anachota maji bombani, anaijaza ndoo ndogo nusu, anaizungusha kwa mkono mmoja inapita juu ya kichwa, haimwagiki, na sisi tulikuwa tunaamini kabisa ana dawa. Nilipojaribu mimi nilizungusha polepole kwa woga na mlichokifikiria ndo kilichotokea. Kosa langu lilikuwa huo upole. Ndoo ikiwa juu imepinduka, maji yanataka kudondoka kwa 9.8, na kitovu cha mduara ambacho ni bega lako kiko chini, kwa hiyo mkono nao unaivuta ndoo kwenda chini. Ukizungusha haraka kiasi kwamba ndoo inavutwa chini kwa 9.8 au zaidi, maji hayawezi kuiacha ndoo, yanadondoka ndiyo, ila ndoo inadondoka nayo, tena inayasukuma. Mkono na ndoo vikiwa mita 1, ukiweka 9.8 kwenye fomula unapata spidi ya mita 3.1 kwa sekunde, maana yake mzunguko mmoja usizidi sekunde 2. Yule kaka alikuwa anatumia kama moja.

Sasa chukua hesabu hiyohiyo ya ndoo, usibadilishe kitu, ila badala ya mkono wa mita 1 weka nusu kipenyo cha dunia, mita 6,378,000. Muda unakua kwa kipeuo cha pili cha urefu, ambacho hapa ni kama 2,525, kwa hiyo zile sekunde 2 zinakuwa sekunde 5,070 hivi, dakika 84. Dunia ingezunguka kwa siku ya dakika 84 mtu wa Nanyuki asingekuwa na uzito kabisa, angeelea pale kibaoni. Na chochote kinachozunguka dunia karibu na ardhi lazima kitumie kama muda huo. Kile kituo cha anga cha kimataifa kiko kilomita 400 juu, graviti huko bado ni kama 8.7, haijaisha kama watu wanavyodhani, na wanaanga wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wanadondoka pamoja kama maji na ndoo. Kinazunguka mara moja kwa dakika 92.